Giannakis: tumpime kwa mechi ipi?

Wadau, kuna kocha wa kikapu watu wanamsahau haraka: Panagiotis Giannakis wa Ugiriki. Jamaa alibeba ubingwa wa Ulaya 1987 akiwa mchezaji, akaubeba tena 2005 akiwa kocha. Mwaka 2006 kule Japani akaichapa Marekani 101-95, nusu fainali ya dunia. LeBron, Wade na Carmelo wote walikuwemo! Wala haikuwa uchawi: mrefu anamkingia mwenye mpira, kisha anakimbilia kikapuni, wanarudia hadi Wamarekani wanachanganyikiwa.

Siku mbili baadaye, kwenye fainali, wakalala kwa Hispania 70-47, tena Pau Gasol ni majeruhi. Ndo maana wengine wanasema alibahatisha. Mimi nakataa. Bahati haikupi vyote hivyo ndani ya mwaka mmoja. Nyie mnasemaje?