Ruashi: ajali ya moto si kosa la manseba peke yake

Kila mara pikipiki inapoanguka kwenye barabara ya Ruashi, watu wanasema neno moja: "Ba manseba habana akili." Ni kweli, wako wanaoendesha bila kujifunza kanuni za barabara, wako wanaobeba wateja watatu. Lakini tuangalie pia barabara yenyewe.

Inchi yetu inatembea mkono wa kuume. Lakini magari mingi ya Lubumbashi yalitengenezwa Japani, usukani uko kuume vilevile. Mwaka 2015 katazo la kuyaingiza lilianza, ila yaliyokuwa yameingia yalibaki barabarani. Shofere aliyekaa kuume, akitaka kupita kamyo ya madini, haoni kinachokuja mpaka gari lake limetokea karibu lote. Moto ikiwa pale, imekwisha.

Na taksibisi? Ile ambayo haikubadilishwa, mlango uko kushoto. Mama anashuka na mtoto mgongoni, si kando ya barabara, ni katikati. Manseba anayepita taksibisi iliyosimama anakutana naye uso kwa uso.

Tuje kwa kaske. Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja mwaka 2008 zilionyesha kwamba kaske inapunguza hatari ya kufa karibu 42 kwa 100, na ya kuumia kichwa 69 kwa 100. Lakini mara mingi kaske ni moja tu, tena ya manseba. Muteja anabaki kichwa wazi.

Juu ya nini wanabeba watatu? Juu ya hesabu. Manseba asiye na moto yake anapashwa kumupelekea bosi versema kila magaribi, mafuta pembeni, kisha ndiyo mkate wa watoto. Polisi akikamata moto leo na kuiachilia kesho, deni la versema linaongezeka, na mbio nayo.

Basi kila mtu ana sehemu yake. Bosi, siku unanunua moto, nunua kaske mbili, na siku ya mvua kubwa punguza versema. Manseba, ukiona taksibisi imesimama, punguza mwendo na piga honi. Shofere, shusha watu pahali pa salama. Na wewe muteja, ukikuta mwingine amekwisha kupanda, ngojea moto ingine. Dakika kumi za kungoja hazifanani na mwezi wa kulala hospitali.