Mshipa Mmoja, Maana Tano

Naandika kuwapinga malenga wenzangu wanaotaka ateri, vena na neva zifukuzwe katika Kiswahili, eti neno mshipa latosha. Halitoshi. Damu itokayo moyoni hupita katika mshipa, irudiyo, mshipa, habari za maumivu ziendazo kwenye ubongo, mshipa, kano iunganishayo msuli na mfupa, kwa wengi nayo ni mshipa, na mzee mwenye ngiri husemwa ana mshipa. Mgonjwa akilalamika kwamba mshipa wamuuma, tabibu aanzie wapi?

Nina kosa langu la kukiri. Zamani, mwanachuo wa ualimu aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha aliandika "mshipa" mahali patatu kwenye mchoro mmoja, nami nikamsifu kwa Kiswahili safi. Kisha mtoto akauliza: damu ya mshipa wa fahamu ina rangi gani? Neva haisafirishi damu, husafirisha taarifa. Mtoto hakukosea kuuliza. Neno ndilo lililompotosha.

Watetezi wa usafi hushikilia "mshipa wa fahamu" kana kwamba ni Kibantu kitupu. Fahamu tumeipata kwa Waarabu, na damu vilevile. Mbona neva peke yake ndiyo mgeni asiyepewa kiti?

Katika shairi, mshipa na ubaki, udunde kwa mahaba upendavyo. Sijasikia mpenzi akiimbiwa ateri, wala sitamani. Lakini hapa Kinampanda, mtoto wa shule ya msingi akichora moyo, ateri iandikwe ateri, na vena iandikwe vena.