Sehemu ya 4: "Kwetu hakuna" si jibu

Mama zangu, leo naandika kwa ukali kidogo, mnivumilie.

Mtoto mwenye ualbino akizaliwa, neno la kwanza kusikika wodini ni hili: "Kwetu hakuna." Baba analisema, mama mkwe analirudia, mawifi wanamalizia. Halafu macho yote yanamgeukia mzazi aliyelala kitandani, mishono bado mibichi. Mimi nasema neno hilo halithibitishi kitu chochote, na sisi manesi tunatakiwa kulijibu palepale, baba akiwa amesimama hapo. Si kumnong'oneza mama peke yake siku ya kuruhusiwa.

Hesabu yenyewe iko hivi. Rangi ya ngozi, nywele na macho inatokana na melanini. Maelekezo ya kuitengeneza mtoto anayapokea nakala mbili, moja ya baba, moja ya mama. Nakala moja nzima inatosha kabisa, na mtu anakuwa mweusi tii kama babu yake. Ndiyo maana unaweza kubeba nakala yenye hitilafu maisha yako yote usijue. Hapa Tanzania inakadiriwa mtu 1 kati ya 1,400 ana ualbino. Ukipiga hesabu kwa takwimu hiyo, wabebaji wasiojijua ni karibu 1 kati ya 19. Hebu fikiria daladala ya asubuhi ilivyojaa.

Sasa, kwa aina za ualbino zinazobadili ngozi na nywele, mtoto hampati mpaka hitilafu itoke pande zote mbili. Kwa hiyo baba anayemkana mtoto kwa sababu ya rangi anakana kitu ambacho na yeye amechangia. Wote wawili wakiwa wabebaji, ni kama kila mmoja anarusha shilingi: kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4. Kila mimba, jamani. Wapo wanaoambiwa "mmeshapata mmoja, watatu wanaofuata hawana shida". Si kweli, shilingi haikumbuki jana iliangukia wapi.

Na wewe unayemkataza kaka yako kuoa binti mwenye ualbino, ukisema watoto wote watatoka hivyo: kama kaka yako si mbebaji, hatazaliwa hata mmoja mwenye ualbino. Kama ni mbebaji, ni nusu kwa nusu kila mimba.

Kuna jambo lingine linalovunja ndoa, nalo nitalieleza kwa mjusi. Msicheke. Marekani na Ulaya watu wanafuga mjusi anayeitwa leopadi geko, asili yake Afghanistan, Pakistan na India, wa njano mwenye madoa meusi. Ni jamaa wa mbali wa mjusi kafiri wetu, ila huyu hapandi ukutani. Wafugaji wake wanajua kuna ualbino wa aina 3, wanaziita Tremper, Bell na Rainwater. Ukipandisha wawili wa aina moja, watoto wote wanatoka na ualbino. Ukichanganya Tremper na Bell, watoto wanatoka na rangi ya kawaida, kwa sababu kila mzazi anaziba pengo la mwenzake. Mfugaji hashangai, alishapiga hesabu kabla mayai hayajatagwa.

Binadamu tuko hivyohivyo. Wazazi wawili wenye ualbino wa aina moja, watoto wote watakuwa nao, na Afrika aina moja ndiyo imeenea kuliko nyingine. Lakini aina zikitofautiana, mtoto anazaliwa mweusi. Hapo sasa mke anaambiwa ametoka nje ya ndoa. Kwa mjusi watu wanakaa na daftari, kwa mke wanakaa kikao cha ukoo!

Halafu usimhukumu kichanga kwa weupe wa siku ya kwanza. Watoto wetu wengi huzaliwa weupe, rangi inakuja taratibu. Ukiwa na wasiwasi mlete, tuangalie nywele, macho na ngozi.

Akithibitika ana ualbino, hesabu ya nani kamleta iishe siku hiyohiyo, kazi ianze: kofia pana, mikono mirefu, kivuli saa za jua kali, na mafuta ya kuzuia jua. Kuna yanayotengenezwa Moshi, pale KCMC, kwa ajili yao hasa. Ulizia kliniki ya ngozi ya mkoa wako. Na kliniki ya kwanza njoo na baba, hata kama amenuna, nitazungumza naye mimi.

Sehemu ya 5 ni macho na kukaa dawati la mbele.