Kabla ya kununua mashini yenye taa, angalia kwanza umeme wako

Butembo. Leo sileti habari ya barabara wala ya bei ya unga. Naleta maoni yangu juu ya kompyuta, sababu kuna mama aliyekuja redioni na kompyuta kichwani, imefungwa ndani ya kitenge, akilia.

Mama huyo alikimbia na watoto wake wakati Kanyabayonga ilipoanguka mwishoni mwa Juni 2024. Kijana wake mkubwa, kabla ya vita, alikuwa akitengeneza mabango ya harusi, picha za matanga na klipu fupi za kwaya. Huku Butembo wamepokelewa na ndugu. Mama aliingia katika likelemba, akangoja zamu yake, shemeji akaongeza kidogo, zikafika dola 400. Kijana akanunua mashini ambayo muuzaji aliiita “ya gamer”: boksi la kioo, feni tatu zenye taa za rangi, na kadi ya grafiki ambayo aliambiwa ni GTX 1050 Ti ya giga 4. Wiki ya pili umeme ulikatika, uliporudi ulirudi kwa nguvu, mashini ikatoa harufu ya kuungua na kuzima. Fundi alipofungua akakuta mambo mawili: boksi la umeme la ndani lilikuwa jepesi kama tupu, na ile kadi haikuwa 1050 Ti. Ilikuwa kadi ya zamani, GTS 450 ya mwaka 2010, iliyobadilishiwa programu ili ijitaje kwa jina lisilo lake.

Mama aliomba tumtangaze muuzaji. Hatukufanya hivyo, maana hatujasikia upande wake. Lakini maoni yangu nayatoa wazi: vijana wetu wengi wananunua mashini kwa macho. Wanaanza na taa, halafu jina la kadi, halafu “giga ngapi”. Mimi nasema tupange kinyume: kwanza umeme, pili kazi, tatu vipuri. Taa zije mwisho kabisa, au zisije.

Najua kuna wazazi watakaosema, watu wanalala chini na wewe unazungumza michezo ya kompyuta? Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Kadi inayochora uwanja wa mpira kwenye mchezo ndiyo hiyo hiyo inayosaidia kukata video ya harusi au kuchora nyumba kwa Blender. Na Blender ni ya bure, sawa na GIMP, Inkscape na Krita. Mashini moja nzuri inaweza kulisha nyumba mchana, na jioni watoto wakacheza. Hatari ni pale pesa ya likelemba inapoyeyuka kwa kitu cha uongo.

Tuanze na umeme. Mashini nyingi za okazioni zinatoka ng'ambo, na nyuma ya baadhi yake kuna kiswichi kidogo chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Umeme wa kwetu ni wa volti 220. Kama kiswichi kimekaa kwenye 115 na wewe ukachomeka, umeiua mashini kwa sekunde moja. Kiangalie kabla ya kutoka dukani. Halafu weka stabilizateri, na ukiweza onduleri, ili umeme ukikatika upate dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Watu wanaona onduleri ni anasa. Mimi naona anasa ni kununua mashini mara mbili.

Wale wa sola wafanye hesabu kabla ya kuchagua kadi. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1200 kwenye karatasi, lakini ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Mashini yenye kadi ya kiasi, pamoja na skrini yake, ikila wati 150 wakati wa kazi nzito, utafanya kazi chini ya saa nne, maana inveta nayo inakula. Ukiweka kadi kubwa inayokula wati 250 peke yake, hata saa mbili hutafikisha. Kwa hiyo kadi bora kwako ni ile ambayo betri yako inaweza kuibeba.

Sasa vipuri. Kwa pesa ndogo, mimi nashauri mashini ya ofisi ya okazioni, kama OptiPlex, EliteDesk au ThinkCentre, lakini chukua ile ya umbo kubwa la mnara. Zile nyembamba zinavutia kwa kuwa ni nyepesi, ila zinakubali kadi fupi tu, na boksi lake la umeme ni la umbo la pekee. Likifa, kupata mwenzake ni shida. Hata ile ya mnara mara nyingi ina boksi la chini ya wati 300. Ndiyo sababu kadi kama GTX 1650, ambayo inakula wati 75 na katika aina nyingi haihitaji waya wa ziada wa umeme, inafaa kuliko kadi kubwa ya bei ya kutupa. Kwenye prosesa, msidanganywe na jina i7 peke yake. Soma tarakimu zinazofuata. i7-2600 ni ya kizazi cha 2, mwaka 2011, ina kiini 4. i5-8500 ni ya kizazi cha 8, ina kiini 6. Hiyo i5 inaishinda hiyo i7. Tena Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8. Ukinunua ya zamani zaidi, jiandae kutumia Linux. Si vibaya, lakini ujue mapema.

RAM: giga 16 kwa anayetengeneza video, 8 kwa anayeanza. Ziwe vipande viwili vinavyolingana kuliko kipande kimoja, maana viwili vinapitisha data kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Diski: weka programu na kazi zako kwenye SSD, hata kama ni ndogo. Mashini ya zamani yenye SSD inafunguka haraka kuliko mpya yenye diski ya kuzunguka. Na kwa mtu wa mabango, skrini ya IPS isiyobadilisha rangi ukiitazama kwa upande ina faida kuliko feni kumi zenye taa.

Kama ningepewa zile dola 400 za mama, mtindo wangu wa kugawa ungekuwa hivi: karibu nusu kwa mashini ya mnara pamoja na skrini, robo kwa kadi, sehemu ya kumi kwa SSD, na iliyobaki yote kwa stabilizateri na onduleri. Na kama pesa haitoshi, kadi ingojee. Prosesa nyingi za Intel zina grafiki ndani, isipokuwa zile zenye herufi F mwishoni. Unaweza kuanza na mabango, ukapata wateja, kadi ikaja baadaye. Huo ndio uzuri wa mnara: unaujenga kipande kwa kipande.

Kuna swali ambalo kijana mmoja aliyehama aliniuliza, nalo ni zito: “Kaka, tukikimbia tena, mnara nitaubebaje?” Sikuwa na jibu la haraka. Kama bado hujui utalala wapi mwezi ujao, laptopu ya okazioni ni akili zaidi, hata kama ni dhaifu kwa michezo. Lakini kama umepata mahali, jifunze kutoa SSD. Ile ya umbo la kawaida ni nyepesi kuliko simu, ina skrubu chache na waya mbili. Boksi linaweza kubaki. Kazi zako, picha za wateja na majina yao vinaingia mfukoni. Fanya zoezi hilo siku ya amani, usingoje siku ya risasi.

Na wauzaji wetu nawaambia kwa heshima. Tunajua mnasafiri hadi Guangzhou, Dubai na Kampala, na wengine mnadanganywa huko huko. Kadi nyingi zilizochoka kuchimba sarafu za kidijitali ziliingia sokoni baada ya Ethereum kuacha uchimbaji huo mnamo Septemba 2022. Lakini mteja ana haki ya kuwasha mashini dukani kwa saa moja. Ana haki ya kuweka GPU-Z, programu ndogo ya bure, ambayo kadi nyingi za uongo ikizigundua inaandika FAKE mbele ya jina lake. Ana haki ya faktura yenye jina la kila kipuri na garanti hata ya wiki mbili. Muuzaji anayekataa hayo matatu, mteja aage kwa adabu aende duka lingine.

Uchungu wangu wa mwisho ni huu. Tantali iliyo ndani ya kapasita ndogo za vyombo hivi inatoka kwenye coltan, na coltan inachimbwa Rubaya, huko Masisi, ambako watu wengi wamekimbia. Bati la kuchomelea waya linatoka kwenye kasiteriti, nayo inachimbwa Walikale. Udongo wetu unasafiri dunia nzima na kurudi kwetu kama kadi ya uongo, inayouzwa kwa mama aliyekimbia. Hilo hatuwezi kulimaliza leo kwa maandishi. Tunaloweza ni kutokubali kudanganywa mara ya pili.

Kijana wa yule mama? Muuzaji alikubali kubadilisha boksi la umeme, kadi alikataa. Fundi aliitoa kadi ile, mashini ikawaka kwa grafiki ya prosesa. Juzi kijana alitengeneza bango la ubatizo, polepole, taa za feni akiwa amezichomoa ili betri idumu. Alilipwa. Mama yake ameingia tena katika likelemba.