Ozomatli, bahasha na nauli ya serikali

Juzi ubishi ulizuka kwenye chumba chetu cha habari, na kama kawaida yetu hakuna aliyekubali kushindwa. Mwenzangu wa dawati la burudani alikuwa anasikiliza Ozomatli, lile kundi la Los Angeles linalochanganya salsa, cumbia na hip hop. Akasema: "Hawa jamaa wajanja bwana. Walikula hela ya Bush huku wanampinga Bush!" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, na leo naomba nieleze kwa nini.

Kwanza niseme wazi kwamba Ozomatli nawapenda. Hawa si watu waliookota ngoma za Kilatini ili kuipa rapu yao ladha. Kundi lilianza mwaka 1995, likitokana na mgomo wa vijana wafanyakazi waliokalia jengo mjini Los Angeles wakidai haki zao. Kwenye jukwaa moja unakuta tarumbeta, ngoma za mkono, mtu anachana mistari na DJ anakwaruza santuri, na wote wanasikilizana. Agosti 2000 walipiga nje ya mkutano mkuu wa chama cha Democratic, na siku hiyo polisi walitawanya watu kwa risasi za mpira. Mwaka 2004, huko Austin, Texas, baadhi ya watu wa kundi walikamatwa baada ya kutoka ukumbini wakipiga ngoma na kuwaongoza mashabiki hadi barabarani. Vita vya Iraq walivipinga hadharani.

Sasa twende mwaka 2007. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ya serikali ileile iliyopigana vita vile, iliwaalika kuwa mabalozi wa utamaduni. Wakakubali. Wakasafirishwa Asia, Afrika na Mashariki ya Kati. Walifika hadi Nepal, nchi ambayo vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeisha mwaka mmoja tu nyuma.

Wanaowatetea wanasema hawakubadili msimamo wala kuacha kuikosoa serikali. Nakubali kabisa. Lakini ndugu zangu, hapo ndipo penye tatizo! Serikali haikuwa na haja ya kuwanyamazisha. Kama ingetaka watu wa kuisifu, ingewapata wengi. Ilichohitaji ni kumwonyesha kijana wa Asia au Mashariki ya Kati kwamba "tazama, hata wanaotupinga tunawalipia nauli." Kwa hiyo kadiri Ozomatli walivyozidi kupinga, ndivyo walivyozidi kuifaa safari ile. Ukali wao wenyewe ndio uliokuwa unauzwa.

Mchezo huu si mpya. Mwaka 1957 Louis Armstrong aliachana na mpango wa kwenda Urusi ya Kisovieti kwa niaba ya serikali, kwa sababu huko Little Rock, Arkansas, wanafunzi tisa weusi walizuiwa kuingia shuleni. Alisema hapana, na dunia nzima ikasikia. Lakini Oktoba 1960 mzee huyohuyo alikuwa Léopoldville, Kongo, akipiga tarumbeta kwa udhamini wa Marekani. Wakati huo Lumumba alikuwa ameshaondolewa madarakani. Januari 1961 akauawa, na mwaka 1975 kamati ya Baraza la Seneti la Marekani ilieleza kwamba CIA ilikuwa imepanga kumuua. Simtuhumu Armstrong kwa hilo. Nasema tu kwamba aliyelipia nauli alikuwa na shughuli nyingine, na muziki ulimsaidia kupendeza.

Mtaniambia kundi kubwa vile halifiki Kathmandu bila mtu wa kulipa, na kwamba zile ni kodi za wananchi, si za Bush. Kweli. Wala sidharau furaha ya waliocheza siku ile. Ninachokataa ni kuuita huo ujanja.

Nakataa kwa sababu yamenikuta. Nilipokuwa mgeni kazini nilitumwa kwenye semina ya taasisi moja ambayo sitaitaja. Mwishoni wakagawa bahasha. Nikachukua, nikarudi ofisini nikaandika habari kali inayowakosoa. Nilijiona shujaa: nimekula hela yao na kalamu yangu haikutetereka! Semina iliyofuata, ofisa uhusiano akanionyesha kwa kidole mbele ya wageni wao na kusema, "Sisi hatuogopi kukosolewa. Huyu kijana alituandika vibaya na bado tunamwalika." Wageni wakapiga makofi. Nilitamani ardhi ipasuke. Habari niliyodhani imewaumiza walikuwa wameifanya cheti chao cha tabia njema, na yale niliyoyaandika hakuna aliyeyagusa.

Bahasha ile ilishaingia kwenye kodi ya chumba. Sikuirudisha, kwa hiyo sina ubavu wa kumhukumu mtu. Lakini naomba tuache kudanganyana kwamba ukila halafu ukakosoa umemzidi akili aliyekulisha. Muulize kwanza yeye amepata nini.

Mwenzangu wa burudani bado anasema nina wivu kwa sababu mimi sijawahi kulipiwa tiketi ya ndege. Labda. Siku nikiletewa tutajua.