Chanjo ya Kifua Kikuu na Maradhi ya Kusahau: Tusiutangulie Ushahidi



Baada ya darsa alitujia kijana ambaye mama yake hamtambui tena, akatuuliza: "Ustadh, nasikia sindano ya watoto wachanga huzuia maradhi ya kusahau. Je, nimpeleke mama akachomwe?" Swali hili lina uchungu ndani yake, na halifai kujibiwa kwa kubahatisha.

Habari aliyoisikia ina asili. Chanjo ya BCG ilitengenezwa Ufaransa na Albert Calmette na Camille Guérin, waliokikuza kijidudu cha kifua kikuu cha ng'ombe kwa miaka 13 hadi makali yake yakapungua. Mtoto wa kwanza aliipata mwaka 1921. Tangu miaka ya 1970 madaktari huitumia pia kutibu saratani ya kibofu cha mkojo. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa Boston, Marekani, juu ya wagonjwa 6,467 wa saratani hiyo, ukaonyesha kuwa waliotibiwa kwa BCG walikuwa na hatari ya kupata maradhi ya kusahau iliyo chini kwa asilimia 20 kuliko wenzao. Wataalamu wanadhani kwamba chanjo hii huifunza upya kinga ya mwili, nao ubongo ukanufaika.

Je, hayo yatosha kumpeleka mama kuchanjwa? Hayatoshi.

Kwanza, wagonjwa hao hawakugawanywa kwa kura. Huenda waliopewa BCG walitofautiana na wenzao kwa mambo mengine ya afya.

Pili, wao walimiminiwa dawa kibofuni, kwa kawaida kila wiki kwa wiki sita. Sindano moja ya mkononi si tiba ile ile. Isitoshe, BCG ni kijidudu hai, nacho chaweza kumdhuru mtu ambaye kinga yake imedhoofika.

Tatu, tumekwisha kupata funzo. Mwaka 2020 ilivuma kwamba BCG hukinga UVIKO-19. Shirika la Afya Duniani lilionya kuwa hapakuwa na ushahidi, na kwamba watoto wachanga wangeweza kukosa chanjo yao. Mwaka 2023 matokeo ya jaribio kubwa miongoni mwa wahudumu wa afya yalionyesha kuwa BCG haikuwapunguzia maradhi hayo. Nayo hofu ya watoto kukosa haikuwa ya bure: mwaka 2025 Kenya ilipungukiwa na chanjo hiyo hiyo. Je, ni uadilifu mtu mzima aitumie kwa dhana, ilhali mtoto aliyezaliwa jana anaihitaji kwa yakini?

Hatusemi mlango umefungwa. Twasema utafiti uendelee, na matumaini yasigeuzwe hukumu.

Kijana yule tulimshauri ampeleke mama yake hospitali achunguzwe, kwani kuna kusahau kunakotokana na upungufu wa vitamini, tezi au dawa, na huko hutibika. Nasi tulio vijana tudhibiti shinikizo la damu na kisukari, tuache sigara. Mwaka 2024 jopo la jarida la Lancet lilikadiria kuwa karibu asilimia 45 ya maradhi haya yangeweza kuzuiliwa au kucheleweshwa kwa hatua kama hizo.

Na mama akiuliza jambo moja mara kumi, tumjibu mara kumi kwa upole. Hilo halingoji utafiti.