Mbio za Matopeni Ulaya: Nani Anamlipa wa Safu ya Nyuma?



Wako wenzetu ambao kila wakiona habari za michezo katika kurasa hizi huuliza zina uhusiano gani na kiwanda au shamba. Leo tunawajibu kwa mchezo ambao wengi wetu hatujapata kuuona kwa macho: mbio za baiskeli za matopeni, ziitwazo saiklokrosi. Tunamzungumzia Mmarekani anayevuka bahari wakati wa baridi kwenda kufanya kazi hiyo Ulaya. Tunasema kufanya kazi kwa makusudi, maana ugomvi wetu wote uko hapo.

Mchezo wenyewe ni huu. Kuanzia Septemba hadi Februari, mashamba ya Ulaya yakiwa yamelowa, waandaaji huchora njia ya mzunguko yenye urefu wa kilometa 2.5 hadi 3.5, ikipita kwenye majani, misitu, mchanga na vilima. Wanaume hushindana kwa muda wa saa moja hivi. Wanawake zamani dakika 40, siku hizi karibu 50. Baiskeli inafanana na ile ya mbio za barabarani, ila tairi lina meno na ni pana kidogo, na kanuni haikubali lizidi milimita 33. Njiani huwekwa vizuizi vya mbao visivyozidi sentimeta 40 kwenda juu, na kuna vilima ambavyo havipandiki. Hapo mshindani huruka chini baiskeli ikiwa bado inakwenda, huitia begani, hukimbia nayo, kisha huirukia tena. Matope yakizidi, baiskeli huwa nzito na mnyororo hukwama. Kwa hiyo pametengwa mahali pa kubadilishia: mshindani huiacha ile chafu na kuchukua nyingine safi, na fundi wake hukimbia na ile chafu kuiosha kwa mpira wa maji ya nguvu, ili iwe tayari kabla mwenyewe hajarudi. Siku ya tope zito jambo hilo hufanyika kila nusu mzunguko.

Basi tupige hesabu. Mshindani mmoja anahitaji baiskeli mbili au tatu, magurudumu ya akiba, na fundi ambaye siku nzima hana nafasi ya kukaa. Fundi huyo picha yake haitoki gazetini. Sisi tunaojua kazi ya fundi mitambo wa zamu ya usiku tunamfahamu vizuri.

Kitovu cha mchezo ni Flanders, kaskazini mwa Ubelgiji. Wenyeji huuita veldrijden, maana yake kuendesha shambani. Watazamaji ni watu kama sisi, wa viwandani na wa mashambani, wanaolipa kiingilio na kusimama kwenye tope wakila viazi vya kukaanga na kunywa bia, na televisheni huonyesha mbio nyumba kwa nyumba. Huko Koksijde watu hupambana na vilima vya mchanga wa pwani. Huko Namur, upande wa Wabelgiji wanaosema Kifaransa, hupanda mlima wa ngome ya kale. Wakati wa Krismasi na mwaka mpya mashindano hufuatana karibu kila siku: Loenhout, Diegem, na Januari mosi huko Baal, kijiji cha bingwa Sven Nys. (Msomaji wa Kongo hahitaji kukumbushwa kwamba Ubelgiji na tairi zina historia yao. Dunlop alipata hati ya uvumbuzi wa tairi la upepo mwaka 1888, na baiskeli ndizo zilizoanza kulitumia. Miaka michache baadaye wazee wetu chini ya Mfalme Leopold wa Pili walikuwa wakikatwa mikono kwa sababu ya utomvu wa mpira. Tunalitaja kwa kupita tu, lakini kulinyamazia hatuwezi.)

Sasa aje Mmarekani. Kwao nako wanashindana, tena vizuri, lakini alama nyingi na fedha nyingi ziko Ulaya. Kuna wakati ilionekana mambo yatageuka. Mwaka 2013 mashindano ya dunia yalifanyika Louisville, mara ya kwanza nje ya Ulaya. Mwaka 2015 raundi ya Kombe la Dunia ilipelekwa Las Vegas, baadaye Iowa City na Waterloo. Lakini raundi ya Waterloo ya mwaka 2023 ilifuatiwa na msimu wa 2024/25 usio na raundi hata moja Marekani. Na mwaka 2022, mashindano ya dunia yalipofanyika Fayetteville, Wout van Aert, nyota mkubwa wa Ubelgiji, hakwenda. Alikuwa na msimu wa barabarani wa kuuandaa. Hatumlaumu. Tunasema tu kwamba nyota wa Ulaya anaweza kuikataa safari ya Marekani na jina lake likabaki palepale. Mmarekani akiikataa safari ya Ulaya hana mchezo tena.

Akifika huko anakuta foleni. Washindani hupangwa mstarini safu kwa safu, wanane wanane, kufuatana na alama walizonazo. Mgeni mwenye alama chache husimama nyuma kabisa. Bunduki ikilia, wote huenda kasi kwenye njia pana, kisha njia hubana na wa nyuma husongamana kwenye kona ya kwanza huku wa mbele wakiwa wamekwisha kutoweka. Tena kuna kanuni ya asilimia 80: mshindani akiachwa nyuma kwa muda unaozidi asilimia 80 ya muda ambao kiongozi alitumia katika mzunguko wa kwanza, hutolewa njiani kabla hajazungukwa. Hebu fikirini mtu aliyekata tiketi ya ndege, akakodi gari na chumba, akamleta fundi, halafu baada ya nusu saa msimamizi anampungia mkono atoke. Kwa kutolewa hapati alama za kumsogeza mbele, na kwa kukosa alama wiki inayofuata atasimama tena nyuma.

Liko pia jambo la mpaka. Mwenye pasipoti ya Marekani haombi viza kwa safari fupi, lakini haruhusiwi kukaa katika nchi za mkataba wa Schengen zaidi ya siku 90 katika kila siku 180. Msimu una miezi mitano na zaidi, ruhusa ina miezi mitatu. Ndiyo maana wengi huenda kwa vipande: wiki tatu Oktoba, mwezi mmoja wakati wa Krismasi, kisha Januari kuelekea mashindano ya dunia, na nauli hulipwa upya kila mara.

Hapa ndipo tunapofika kwenye ujira. Katika mchezo huu zipo njia mbili za kulipwa na mwandaaji. Ya kwanza ni zawadi, kwa kadiri ya nafasi uliyomalizia. Ya pili ni fedha ya kuanzia, ambayo mwandaaji humlipa mshindani kwa kuja na kusimama mstarini, awe wa kwanza au wa thelathini. Mchuma chai ataelewa mara moja. Zawadi ni malipo ya kilo: mvua isiponyesha na majani yakakosekana, hupati kitu ingawa umeshinda shambani tangu alfajiri. Fedha ya kuanzia ni ujira wa siku: umekuja, umefanya kazi, umelipwa. Vyama vyetu vimepigania miaka mingi kwamba malipo ya kilo yawe na kiwango cha chini, ili mtu asirudi nyumbani mikono mitupu kwa kosa la mawingu. Katika saiklokrosi fedha ya kuanzia iko, lakini nyota hupatana na mwandaaji kivyao, na fungu la mmoja hupita la wengine wengi kwa pamoja. Wa safu ya nyuma hana sauti katika mapatano hayo, na mgeni ambaye hakuna anayemjua ana sauti ndogo kuliko wote.

Waandaaji wana jibu lao, nasi tunalieleza kwa haki. Husema watu hulipa kiingilio kumwona bingwa, si kumwona mtu wa arobaini. Husema pia kwamba mashindano mengi hutayarishwa na vilabu vya vijiji vyenye wanachama wanaojitolea, nalo ni kweli. Mwanakijiji anayepiga nguzo matopeni bila malipo si adui wa mtu. Lakini bingwa peke yake matopeni si mashindano. Toeni safu tano za nyuma muone kama televisheni itakuja kumpiga picha mtu mmoja akizunguka shamba. Watu arobaini ndio wanaoifanya kazi ile iitwe mbio, kama vile vibarua wote wa kiwanda ndio wanaofanya gunia litoke mlangoni, si yule tu anayelishona.

Na hoja hiyo ya watu wamekuja kumwona nani ndiyo iliyotumiwa kwa muda mrefu zaidi dhidi ya wanawake. Tuchukue msimu wa 2006/07. Mwishoni mwa Januari 2007 mashindano ya dunia yalifanyika Hooglede-Gits, katika Flanders yenyewe. Jonathan Page, Mmarekani aliyekuwa amehamia Ubelgiji na familia yake ili aishi karibu na kazi, alimaliza wa pili nyuma ya Mbelgiji Erwin Vervecken. Hakuna mwanamume Mmarekani aliyewahi kupata medali katika daraja la juu kabla yake. Mwisho wa wiki uleule Katie Compton, Mmarekani pia, akawa wa pili kwa wanawake nyuma ya Mfaransa Maryline Salvetat. Medali mbili za fedha, njia ileile, baridi ileile. Nauli ya ndege nayo haimpunguzii mtu bei kwa kuwa ni mwanamke. Lakini fungu la zawadi halikuwa sawa, na siku zile wengi waliliona hilo kuwa jambo la kawaida.

Compton aliendelea kwenda na kurudi miaka mingi, akashinda Kombe la Dunia kwa jumla ya alama katika msimu wa 2012/13 na tena 2013/14, na ubingwa wa nchi yake mara 15 mfululizo. Ni lazima tuseme pia kwamba mwaka 2021 alifungiwa miaka minne kwa dawa zilizokatazwa, kutokana na kipimo cha Septemba 2020. Adhabu hiyo ni yake, na hatumtetei. Lakini pengo la mafungu ya 2007 halikutokana na kosa la mtu. Lilikuwa limeandikwa katika kanuni.

Kanuni hiyo ilibadilishwa. Chama cha kimataifa cha baiskeli, UCI, kilitangaza mwaka 2012 kwamba zawadi za mashindano ya dunia zitakuwa sawa kwa wanaume na wanawake kuanzia 2013. Halikuanguka kutoka mbinguni. Wanawake walisema, wakaandika, wakasema tena. Mwaka 2017 wanawake wa mbio za baiskeli waliunda chama chao cha wafanyakazi, The Cyclists' Alliance, na miongoni mwa waanzilishi watatu alikuwamo Mmarekani, Carmen Small. Mwaka 2020 timu kubwa za wanawake za barabarani ziliwekewa kima cha chini cha mshahara, euro 15,000 kwa mwaka kwa aliyeajiriwa. Ni kidogo kwa maisha ya Ulaya, lakini kabla ya hapo hakikuwapo kabisa. Kumbukeni kwamba hilo ni la barabarani. Yule anayekuja na begi lake na fundi wake kukimbia matopeni wiki tatu hayumo.

Tunajua wapo watakaosema Mmarekani ni tajiri, mwacheni alipe. Hatukubali. Wengi wa wageni hao hutafuta wafadhili kwa kubisha hodi mlango kwa mlango, na aliyezaliwa katika nchi tajiri akifanya kazi bila ujira anashusha bei ya kazi kwa kila atakayekuja nyuma yake. Na watakaokuja nyuma yake ni wa kwetu. Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya barabarani, ya kwanza katika Afrika, na barabara zilijaa watu. Siku moja kijana wa Rwanda au Burundi ataitwa kwenda kujaribu matope ya Flanders. Siku zake 90 zitahesabiwa kama za Mmarekani, ila yeye kwanza ataomba viza na kuingoja.

Kijana huyo, au mzazi wake aliyeko shambani akisoma ukurasa huu, aulize mambo machache kabla ya kutia sahihi. Nauli ni ya nani, ya kwenda na ya kurudi? Fundi analipwa na nani? Nikivunjika bega hospitali inalipwa na nani, na nitakula nini wiki ninazolala? Nikitolewa katika mzunguko wa nne, fedha yangu ya kuanzia iko palepale? Majibu yaandikwe katika lugha anayoisoma, na nakala moja ibaki mikononi mwake.